Maswali yenu: Mlima unauzwaje nje ya nchi?

Toleo lililopita tuligusia Nepal kwa mistari michache tu, kwamba kule hela ya mtalii inahesabiwa kwenye mauzo ya nje pamoja na mazulia na iliki, basi meseji zikamiminika. Nimechagua tano, nyingine zinajirudia kwahiyo kama hujaona yako soma majibu, huenda umo.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwanafunzi wa uchumi mwaka wa pili, Morogoro. Lekchara anasema utalii ni eksipoti lakini mimi sioni kinachotoka. Kahawa naelewa, inaingia kwenye kontena inaenda zake. Everest si iko palepale? Naomba unisaidie, testi iko karibu.

Marahaba mwanangu. Usiangalie kitu kimetoka au hakijatoka, angalia hela imetoka wapi. Mjapani akishuka Kathmandu akabadilisha dola zake, akalala gesti ya Thamel, mtaa wa watalii pale Kathmandu, akala, akamlipa mwongozaji na mpagazi, zile dola zimeingia Nepal kutoka nje sawasawa na kama wangempelekea iliki mpaka kwao Tokyo. Nchi inazitumia kununua petroli ya India, dawa, mashine, chochote. Benki kuu inaziandika upande wa huduma zilizouzwa nje, basi, hiyo ndo eksipoti yenyewe.

Ila mimi ningependa uende mbali kidogo, maana hapa ndo pana utamu wa hili somo. Nepal haina bahari. Bandari wanayoitegemea zaidi iko Kolkata, India. Sasa chukua tangawizi ya mkulima wa mlimani, inashuka mgongoni mwa mtu au punda mpaka kwenye barabara, lori, mpaka wa India na foleni yake, lori tena, ndo meli, kila hatua kuna mtu anakata chake na mwisho mkulima anabaki na hela ya chumvi. Mtalii yeye anajileta mwenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima, kwa nauli yake, kwa miguu yake. Kwa nchi ambayo inanunua kutoka nje bidhaa za thamani ya mara kadhaa ya zile inazouza, hiyo sio kitu kidogo hata kidogo.

Lakini kwenye testi usisahau kutoa, wanafunzi wengi wanajumlisha tu. Tiketi ya ndege ikiwa ni ya shirika la Ghuba au la Uturuki ile hela haikufika Nepal (na mashirika ya Nepal yenyewe yamefungiwa anga ya Ulaya tangu 2013, kwahiyo mgeni wa Ulaya hana namna). Ajenti wa London aliyeuza safari anabaki na sehemu yake. Alafu wiski, gesi, tambi za pakiti, jaketi, vyote vimenunuliwa nje kwa dola zilezile. Kinachobaki baada ya kutoa vyote hivyo ndo mauzo ya kweli. Na jua pia biashara yenyewe sio ya kale, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nepal ilikuwa imejifungia, mgeni haingii. Hillary na Tenzing, watu wa kwanza kupanda Everest, wakafika kileleni Mei 29, 1953, kundi la kwanza la watalii likaja 1955, na 1964 ikaanza kampuni ya kwanza ya kutembeza wageni milimani, mwaka huohuo uwanja wa ndege wa Lukla, njiani kwenda Everest, ukajengwa. Babu zao wengi hawakuwahi kumwona mtalii.

Mjomba shikamoo, pole na majukumu. Mi ni mpagazi, Kili nimeipanda sana, Marangu, Machame, zote. Nasikia Everest kibali sasa ni dola 15,000 kwa kichwa kimoja!! Wapagazi wa kule si watakuwa wameshatajirika? Na huku kwetu wakipandisha si na sisi tutapona?

Marahaba kaka, na pole na mizigo. Ni kweli kibali kimepanda, kilikuwa dola 11,000 na kuanzia Septemba 2025 ni 15,000 kwa msimu wa machipuko, yaani ule wa Aprili na Mei ambao ndo wengi wanapanda. Lakini ile hela ni ya serikali, inaingia hazina. Na piga hesabu na mimi: mwaka 2023 walitoa vibali 478, ilikuwa rekodi, zidisha kwa 11,000 unapata dola milioni 5 na kitu. Ni hela nyingi ukiziweka mezani kwangu na kwako, ila utalii mzima wa Nepal unaingiza mamia ya mamilioni. Everest ndo jina linalowavuta watu, mkate unatoka kwa wale laki kadhaa wanaotembea mabondeni bila hata kugusa kamba.

Sasa ngoja nikupe picha ya sahani moja ya chakula, maana naona hapo ndo jibu lako lilipo.

Ukipanda kutoka Lukla kwenda Namche na kuendelea juu, unalala loji za familia. Chumba wanakupa kwa hela ndogo sana, kitanda mbao na godoro jembamba, lakini kwa masharti kwamba chakula cha jioni na chai ya asubuhi utakula hapohapo, ukienda kula kwa jirani bei ya chumba inaruka. Yaani faida iko jikoni. Mgeni anaagiza dal bhat, wali na dengu na mboga, unaongezewa mpaka ushibe. Mchele umetoka tambarare chini kabisa, umepanda na ndege au lori na kisha mtu au nyumbu, kila siku moja ya kupanda bei inaongezeka, ndo maana sahani ileile ukiikuta Gorak Shep, mita 5,164, imezidi mbali bei ya Kathmandu. Dengu hivyohivyo. Mtungi wa gesi umebebwa. Lakini viazi ni vya shamba la nyuma ya nyumba, lile lililozungushiwa ukuta wa mawe, na mboga ya majani pia, na jiko la katikati ya ukumbi linawaka mavi makavu ya yak, ng'ombe wa manyoya wa kule. Mama mwenye loji ndo mpishi, binti anahudumia. Kwahiyo kwenye ile sahani kuna hela imepita tu kwenda India, kuna hela ya mpagazi, na kuna hela imebaki palepale kijijini. Viazi vikizidi mchele kwenye sahani, kijiji kinapata zaidi. Ndo uchumi wenyewe huo, hauna siri nyingine.

Linganisha na Kili unayoijua wewe. Mgeni anakaa siku 6, 7, ila akishavuka geti hanunui kitu kwa mwanakijiji yeyote, chakula chote mmebeba nyinyi kutoka Moshi au Arusha, mnapika nyinyi, mnalala kwenye mahema au vibanda vya hifadhi. Ndani ya hifadhi ya Sagarmatha, ndo ya Everest hiyo, wenzenu wanaishi, wana nyumba zao na mashamba, hifadhi ilipotangazwa 1976 hawakutolewa. Sheria yao pia inasema kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka, na halmashauri ya kule Khumbu, eneo la Everest, tangu 2017 inatoza ada yake yenyewe kwa kila mgeni anayeingia, hiyo haipiti kwanza Kathmandu. Mimi hiyo naipenda kuliko hata hiyo dola 15,000.

Wapagazi je? Hapa sitakuficha. Walioanza, yaani Washerpa wa Khumbu, wengi wameshatoka kwenye kubeba, wana loji, wana kampuni, watoto wao wamesoma, wengine wako Marekani. Wanaobeba sasa ni Warai, Watamang, Wamagar, vijana wa mabonde ya chini huko ambako mtalii hafiki. Mzigo uko kwenye kapu la mianzi, doko wanaliita, limeshikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, na mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa cha herufi T, akichoka hakai chini, anaiegesha ile fimbo chini ya kapu anapumzika amesimama. Kwa mizigo ya watalii kiwango ni kilo 30, nyinyi kwenu ni 20. Lakini wanaopeleka bidhaa za maduka wanalipwa kwa kilo, kwahiyo mtu anajipakia mwenyewe, wapo wanaobeba mzigo unaokaribia uzito wa miili yao. Hakuna mtu amemlazimisha, ni njaa tu.

Na wanaopanda juu kabisa wanalipwa vizuri ndiyo, kwa msimu mmoja wanapata kuliko watu wengi nchini mwao wanavyopata mwaka mzima, ila wanalipia kwa roho. Aprili 18, 2014 barafu ilidondoka pale Khumbu ikaua wafanyakazi 16 wa mlimani asubuhi moja. Serikali iliyokuwa inakusanya mamilioni ya vibali ikatangaza kila familia rupia 40,000, kama dola 400 hivi. Walikasirika, wakagoma, msimu ukafungwa upande wa Nepal, na ndo bima ya vifo ikapandishwa mpaka rupia milioni 1.5. Ilibidi wagome ndo wasikilizwe. Kwahiyo kaka, kabla ya kuomba ada ya geti ipande ulizeni hiyo hela ikipanda mnapata nini kwenye mshahara, kwenye bima, kwenye viatu. Kama hakuna aliyeandika mahali popote, mtabaki kusikia tu kama unavyosikia ya Everest.

Habari Mjomba. Niko Doha nafanya sekyuriti, nyumbani ni Kitale. Kwa kempu yetu Wanepali ni wengi sana, wengine tunalala nao rumu moja, ni watu wazuri. Niko na swali, kama nchi yao iko na watalii hivi kwa nini wako huku kwa jua na sisi?

Ndugu yangu swali lako limenikaa rohoni siku mbili. Jibu la haraka ni kwamba utalii wa Nepal unajulikana sana lakini hautoshi. Hela ambazo hao vijana wa rumu yako wanatuma nyumbani ni karibu robo ya pato lote la taifa. Utalii haufiki hata karibu na hapo. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilitoa vibali vya kwenda kufanya kazi nje zaidi ya laki 7, vipya na vya kuhuisha kwa pamoja, na hapo hujahesabu wanaovuka tu kwenda India ambako hawahitaji kibali. Kwahiyo ukiniuliza Nepal inauza nini nje nitakwambia inauza vijana wake, mlima unafuata mbali sana nyuma.

Waulize wenzako wanatoka wilaya gani. Utakuta wengi ni Dhanusha, Siraha, Jhapa, tambarare za kusini kwenye mashamba ya mpunga na joto, au vilima vya kati. Mtalii anatua Kathmandu, anaenda Khumbu, anaenda Pokhara na Annapurna, akibakiwa na siku anapita Chitwan kuona vifaru, kashaondoka. Kijana wa Siraha atamuuzia nini? Hata aliye njiani kwa watalii kazi ni misimu miwili, Oktoba na Novemba, alafu Machi mpaka Mei, mvua za monsuni zikianza Juni njia inakuwa topetope na ruba na mawingu, hakuna anayekuja kuangalia mlima usioonekana.

Alafu kuna jambo lingine ambalo watu wa utalii hawapendi kulisema kwa sauti, hii eksipoti inazimika usiku mmoja. Mwaka 1999 Nepal ilipata wageni kama 491,000. Desemba ile ndege ya India iliyotoka Kathmandu ikatekwa, Juni 2001 familia ya kifalme ikauawa ndani ya kasri, vita vya waasi wa Kimao vikachacha, ikifika 2002 wageni wamebaki kama 275,000. Wakajijenga tena taratibu. Aprili 25, 2015 tetemeko, watu karibu 9,000 wakafa, kijiji kizima cha Langtang kikafunikwa. Wakajijenga tena, 2019 wakafika milioni 1.19, wakatangaza 2020 ni mwaka wa kupokea watalii milioni 2. Na 2020 unajua kilichotokea, walikuja kama 230,000, na 2021 wakapungua mpaka kama 150,000. Mazulia ukikosa mnunuzi mwezi huu unayaweka stoo. Kitanda kilicholala kitupu jana usiku huwezi kukiuza leo. Mwenye loji ana mkopo wa benki, mpagazi hana akiba, sasa afanye nini, anatafuta ajenti wa Qatar.

Mwaka 2024 wamerudi kama milioni 1.15. Lakini pale uwanja wa Kathmandu mpaka leo watalii wanashuka na mabegi yao, upande mwingine kuna foleni ya vijana wanaoondoka, na majeneza ya waliofia Ghuba yanapokelewa hapohapo. Wasalimie sana wenzako.

Nakusalimu Mjomba kutoka Musanze, Rwanda. Sisi hapa kibali cha kuona ngagi (gorila) ni dola 1,500 tangu 2017 na watu bado wanakuja. Je Nepal wasingefanya kama sisi au kama Bhutan, wageni wachache hela nyingi?

Bhutan ndo walioanza hiyo njia. Walifungua 1974, mwaka wa kutawazwa mfalme Jigme Singye Wangchuck, na tangu mwanzo mgeni alilipa kiwango cha siku, hoteli na chakula na mwongozaji humohumo, kikafika dola 250 kwa siku miezi ya wageni wengi, na ndani yake 65 za serikali kwa ajili ya shule na hospitali. Kupanda milima wamepiga marufuku kabisa tangu 2003, ndo maana Gangkhar Puensum, mita 7,570, haujawahi kukanyagwa kileleni. Mimi hilo naliheshimu sana.

Ila angalia na mengine. Bhutan wanauza umeme wa maji India, huo ndo unaowalisha, kwahiyo wanaweza kuchagua wageni. Na wao pia walivuka mpaka, walipofungua baada ya korona Septemba 2022 ada ya serikali peke yake ikawa dola 200 kwa usiku, hoteli unajilipia, wageni wakasita, hoteli zikalia, mwaka mmoja baadaye wakaikata mpaka 100. Nyinyi dola 1,500 inafanya kazi kwa sababu ngagi wa milimani wako nchi tatu tu duniani na vibali vya siku vinahesabika, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa jamii, hapo mmefanya vizuri. Nepal ina maelfu ya familia zenye loji za vitanda 10. Mgeni wa dola 30 kwa siku anayekaa wiki tatu ndo mteja wao, ukimfukuza huyo tajiri wa helikopta hatalala kwa mama wa kijijini, atapita juu yake.

Mjomba shikamoo, niko Lushoto, nina vyumba vitatu nataka nipokee wageni wanaotembea Usambara. Wenzangu wawili nao wameanza. Nasikia barabara itawekwa lami, nafurahi lakini kuna mtu kaniambia lami itaua biashara. Ni kweli?

Marahaba mama. Huyo mtu hajakudanganya ila hajamaliza. Kule Annapurna kulikuwa na njia ya kuzunguka mlima kwa miguu, karibu wiki tatu, kila jioni mgeni analala kijiji kingine na kuacha hela. Barabara ikaingia upande wa Jomsom, kisha upande wa Manang, wageni wakaanza kupanda jipu na kuruka vijiji, siku zikapungua, loji za katikati zikakosa watu. Lakini waulize wenyeji kama wanataka barabara iondolewe! Mgonjwa anafika hospitali, mtungi wa gesi umeshuka bei, tufaha za Mustang zinafika sokoni Pokhara kabla hazijaoza. Na wahindu wanaokwenda kuhiji Muktinath wamekuwa wengi kwa sababu ya hiyohiyo barabara. Walichofanya wajanja ni kufungua njia nyingine za miguu mbali na vumbi la magari, wageni wakahamia huko. Kwahiyo usingoje lami ifike, tafuteni sasa hivi njia ya miguu ambayo gari haiwezi kupita, ile ya msituni, ya kwenda kwenye mtazamo, muisafishe.

Jambo lingine ni la hao wenzako wawili. Kwenye hifadhi ya Annapurna, mradi ulioanzia kijiji cha Ghandruk 1986, wenye loji wana kamati na menyu ni moja ya eneo zima, bei za sahani na vitanda wamekubaliana, mgeni hawezi kuwazungusha kwamba jirani kaniambia nusu. Bila hivyo mtashushana bei mpaka wote mlale njaa na mgeni aondoke anacheka. Kaeni kikao kabla ya msimu, mkubaliane bei ya kulala, ya chakula cha jioni, ya mwongozaji wa siku, muiandike na kuibandika ukutani kwa Kiswahili na Kiingereza.

Chakula mpe cha hapohapo, Lushoto mna mboga, matunda, viazi, maziwa, usiende kununua juisi ya boksi. Kuhusu leseni anzia halmashauri kwa afisa biashara, nenda na picha za vyumba na choo, na uulize kodi ya kulala wageni inahesabiwaje kabla hujapanga bei, usije ukaipanga kisha ukakuta faida yote ni ya kodi. Ukishafungua tuandikie tena, nataka kujua mgeni wako wa kwanza alikaa siku ngapi.